Maswali na Majibu: Takwimu za Kata Moja, Lisekese
Marudio kwa watahiniwa wa Maendeleo ya Jamii

Swali la 1. Umetakiwa kuandika wasifu wa Lisekese, Masasi. Idadi ya watu utaipata wapi?

Anzia kwenye sensa. Ndiyo hesabu inayompitia kila mtu, kaya kwa kaya, na kwa hiyo inaweza kushuka mpaka ngazi ya kata bila kubahatisha. Tanzania imehesabu watu wake mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS), yenye makao makuu Dodoma, hutoa kitabu cha mgawanyo wa watu kwa maeneo ya utawala, na kinapakuliwa bure kwenye tovuti yake. Fuata ngazi zake: mkoa, halmashauri, kata. Utakuta wanaume, wanawake na jumla.

Kabla ya kunakili namba, hakikisha kata unayoitafuta iliorodheshwa chini ya halmashauri ipi katika sensa hiyo, na kama mipaka yake ilikuwa ileile. Kata hugawanywa, na jina hubaki kwa kipande kimoja tu. Watahiniwa wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayowaponza katika swali linalofuata.

Swali la 2. Sensa ya 2002 ilihesabu watu 442,573 Wilaya ya Masasi. Sensa ya 2012 ilihesabu 247,993. Eleza sababu za watu kuhama Masasi.

Swali hili ni mtego. Ukianza kutaja ukame, bei ya korosho na vijana kukimbilia Dar es Salaam, umepoteza alama zote hata kama mwandiko wako ni mzuri.

Kilichobadilika ni mipaka. Kati ya sensa hizo mbili Wilaya ya Nanyumbu ilikatwa kutoka Masasi, na Mji wa Masasi nao ukawa na halmashauri yake. Kwa hiyo Masasi ya 2002 lazima ilinganishwe na maeneo matatu ya 2012:

Wilaya ya Masasi 247,993
Mji wa Masasi 102,696
Nanyumbu 150,857
Jumla 501,546

Eneo lilelile lililokuwa na watu 442,573 lilikuwa na watu 501,546 miaka kumi baadaye. Ni ongezeko la watu 58,973, sawa na asilimia 13.3. Eneo halikupungukiwa na watu. Chukua Newala kama kipimo: ilikuwa na watu 183,930 mwaka 2002 na 205,492 mwaka 2012, ongezeko la asilimia 11.7. Namba za majirani hawa zinakaribiana, na hilo linakuhakikishia kwamba hesabu yako imekaa sawa.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu madhara yake yanatoka nje ya chumba cha mtihani. Mtu anayepanga madarasa au zahanati akiamini kwamba Masasi imepungukiwa na karibu nusu ya watu wake, wanaoumia ni watoto waliopo.

Swali la 3. Mkoa wa Mtwara ulikuwa na watu 1,270,854 mwaka 2012 na 1,634,947 mwaka 2022. Kokotoa ongezeko.

Tofauti ni 364,093, yaani asilimia 28.6 kwa miaka kumi. Kwa mwaka ni takriban asilimia 2.5. Usigawanye 28.6 kwa kumi ukaandika 2.9, kwa sababu watu huongezeka juu ya walioongezeka mwaka uliotangulia. Katika kipindi hicho taifa zima, lililofikia watu 61,741,120, lilikua kwa asilimia 3.2 kwa mwaka.

Swali la 4. Kiwango cha umaskini Lisekese ni asilimia ngapi?

Jibu sahihi ni kwamba utafiti wa sampuli hauwezi kukupa namba hiyo, na ueleze kwa nini.

Umaskini wa kipato hupimwa kwa Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya. Ule wa 2017/18 ulionyesha kuwa asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara waliishi chini ya mstari wa mahitaji ya msingi. Kaya zinazofuatiliwa katika utafiti kama huo ni chache, zimechaguliwa ili ziwakilishe nchi au mkoa. Kata fulani inaweza kuangukiwa na kaya kadhaa, au isiangukiwe na hata moja. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa 2022 una mpaka uleule.

Anayeandika "asilimia 26.4 ya wakazi wa Lisekese ni maskini" ameipachika kata sura isiyo yake. Andika namba hiyo kama ya Tanzania Bara, kisha utafute dalili za kata yenyewe.

Swali la 5. Dalili hizo ni zipi?

Sensa huuliza pia kuhusu nyumba: paa, sakafu, kuta, choo, nishati ya kupikia, taa, maji ya kunywa, vitu ambavyo kaya inamiliki. Huuliza elimu na kazi. Ukiona bati limeshinda nyasi kati ya sensa moja na nyingine, umeona fedha ilikokwenda, ingawa hujaona ni kiasi gani.

Halafu, huku kwetu, kuna korosho. Wakulima wa Masasi huuza kupitia vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) vilivyo chini ya chama kikuu cha MAMCU, na wa Newala na Tandahimba chini ya TANECU, kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani. Mzigo hupimwa, huingia ghalani, huuzwa mnadani, na bei ya kilo hutangazwa hadharani. Maana yake kuna maandishi ya kilo na fedha kwa kila msimu. Sehemu nyingi za nchi hazina kumbukumbu kama hii ya mapato ya mkulima, na inasikitisha kuona wanafunzi wa kusini hawaigusi.

Lakini isome kwa uangalifu. Kuna kangomba: mfanyabiashara humfuata mkulima mwenye shida ya ada au matibabu, hununua korosho zake kwa bei ya chini nje ya mfumo, kisha huzipeleka kwenye chama kwa jina lake mwenyewe. Daftari litaonyesha mtu mmoja mwenye magunia mengi. Wenye mashamba hawamo, na bei ya mnada iliyoandikwa siyo iliyoingia mfukoni mwao. Vilevile mtu anaweza kulala mjini Masasi na kuwa na mikorosho kata nyingine. Kilo za chama na watu wa kata si kundi lilelile.

Swali la 6. Kwa nini mwezi wa kukusanya takwimu ni muhimu Newala?

Kwa sababu ya maji. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, ambako ardhi hunyonya mvua na mito haikai. Masika watu hukinga maji ya paa na kuyahifadhi kwenye matangi. Kiangazi hutegemea bomba linalopandisha maji kutoka bondeni, au ndoo ya kununua. Sensa za 2002, 2012 na 2022 zote ziliangukia Agosti, kiangazi. Zinalinganishika zenyewe kwa zenyewe. Ukizilinganisha na dodoso ulilojaza mwenyewe mwezi Machi, utadhani huduma imebadilika kumbe ni mvua.

Swali la 7. Ofisi ya kata na zahanati zinaweza kukupa nini?

Nenda na barua ya utambulisho ya chuo kwa Afisa Mtendaji wa Kata. Uliza daftari la wakazi, orodha ya kaya na mihtasari ya Kamati ya Maendeleo ya Kata. Kwa vijiji, taarifa ya mapato na matumizi husomwa mbele ya wananchi na kubandikwa ubaoni, kwa hiyo unaomba kitu ambacho ni chao tayari. Shuleni utapata uandikishaji na mahudhurio. Zahanati ina vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya: wajawazito, chanjo, malaria. Katika vitabu hivyo utapata picha ya mwezi kwa mwezi.

Asiyetumia huduma hayumo kwenye kitabu cha huduma. Mtoto aliyezaliwa nyumbani na asiyepelekwa kliniki haonekani MTUHA, na mara nyingi ndiye unayemtafuta.

Swali la 8. Je, unaruhusiwa kutaja kaya uliyoikuta?

Hapana. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 inalinda siri ya taarifa za mtu mmoja mmoja, na NBS haitoi taarifa zinazomtambulisha mtu. Kufuta jina hakutoshi. Ukiandika "mjane mwenye watoto saba jirani na mashine ya kusaga", kila mtu wa mtaa huo amekwishamjua. Panua kundi: sema kaya zinazoongozwa na wanawake, kwa kata nzima.

Swali la 9. Ripoti ya chanjo inaonyesha asilimia 112. Je, ni kosa la muuguzi?

Si lazima. Waliochanjwa walihesabiwa mlangoni, lakini idadi ya watoto wanaotarajiwa ni makadirio yanayotokana na sensa. Makadirio yakiwa chini, au akina mama wa kata jirani wakifuata zahanati iliyo karibu nao, asilimia hupita mia. Katika jibu lako andika namba zote mbili, waliochanjwa na waliokadiriwa, taja kila moja imetoka wapi na mwaka gani, na usikate asilimia ile ikawa mia ili ipendeze.