Magari Yanapogoma: Somo kwa Wafanyabiashara Wadogo wa Mpakani

Novemba 2018 serikali ya Kenya ilipoanza tena kusimamia kwa ukali kanuni za matatu zilizojulikana kwa jina la Michuki, wenye magari wengi waliyaondoa barabarani. Abiria walitembea kwa miguu. Nasi tulio Busia, upande wa Uganda, tunajua kwamba mgomo wa jirani hufika mezani petu.

Tumfikirie mama muuza nyanya. Amekopa mtaji kikundini, ana matenga matatu, na mgomo umeanza alfajiri. Siku ya tatu nyanya zimelainika, deni liko palepale. Hapo hushawishika kupakia mshikaki na mzigo juu ya bodaboda, kushika njia ya panya usiku, au kutembea gizani na fedha zote kibindoni. Ndipo hasara ya mali inapogeuka kuwa hatari ya maisha. Tujiandae hivi:

Kwanza, tutenganishe bidhaa zinazooza na zinazokaa. Mgomo ukitangazwa, tupunguze nyanya, maziwa na samaki wabichi. Tuongeze maharage, unga na sabuni.

Pili, wauzaji wa soko moja wapatane mapema na mwenye gari la mizigo, na nauli iandikwe. Mapatano ya siku ya mgomo huwa kwa bei ya dereva. Kabla ya safari, kituo cha polisi kiulizwe njia iliyo salama.

Tatu, malipo yapitie simu, na duka lifungwe kungali na mwanga.

Nne, tukumbuke kwamba mgomo wa magari haufungi mpaka. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizoorodheshwa, zenye asili ya Jumuiya na thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti rahisi na kusamehewa ushuru wa forodha. Basi njia ya panya yaokoa nini?

Kugoma kwa amani ni jambo moja. Kulirushia mawe gari la asiyegoma ni kosa. Vivyo hivyo, askari anayedai chochote ili mzigo upite aripotiwe kwa mkuu wake. Kwa dharura, pigeni 999, Uganda na Kenya pia.

Swali la kikao cha soko: mgomo ukianza kesho, ni nani kati yetu atakayepoteza mtaji wote, na tutamsaidiaje leo?