Daraja Hutazamwa kutoka Chini

Anayetoka Mumias kwenda Mayoni huuvuka Mto Nzoia kabla hajamaliza sentensi aliyoianza. Tulimpelekea mhandisi wa madaraja maswali ya wakazi wa Matungu kuhusu mto huo na madaraja kwa jumla.

Kabla ya daraja, watu walivukaje?

Kwa mitumbwi, na wakati wa kiangazi kwa miguu pale maji yalipopungua. Msisahau kwamba njia ya misafara kutoka pwani kwenda Buganda ilipita hapa. Msafiri Mskoti Joseph Thomson alifika eneo hili mwaka 1883, na makao ya Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, yakawa kituo kikubwa cha misafara. Waingereza nao walipochonga barabara ya Sclater miaka ya 1890, waliielekeza Mumias. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, wasafiri wa Uganda wakawa wanavuka ziwa kwa meli, na Mumias ikapoteza shughuli nyingi. Njia ikihama, mji huumia.

Nzoia ni mto wa namna gani kwa mjenzi?

Mgumu, na ninauheshimu sana. Maji yake hutoka Cherang'any na Mlima Elgon, huporomoka Nabuyole kule Webuye, kisha huja kwenu yamebeba udongo. Mvua kubwa ya milimani hujaza mto huku chini hata siku ambayo Matungu hakujanyesha.

Adui mkuu wa daraja hapa ni maji yanayochimba mguu wa nguzo. Simama mtoni penye mkondo, utahisi mchanga ukitoroka chini ya visigino. Nguzo nayo hufanyiwa hivyo hivyo: maji huigonga, hugeuka kuelekea chini, huzunguka na kuchimba shimo. Mafuriko yakipungua, tope laini hurudi kulijaza shimo lile. Mkaguzi akija wiki mbili baadaye huona sakafu ya mto imetulia, kumbe tope hilo halishikilii chochote. Kwa hiyo msingi lazima ushuke hadi mwamba, au uzamishwe kwa kina ambacho mkondo hauwezi kukifikia. Fedha nyingi za daraja huzikwa huko, na hakuna mgeni rasmi anayezikatia utepe.

Daraja la Sigiri lilianguka kwa sababu ya mafuriko?

La. Daraja hilo, lililoko Budalangi juu ya Nzoia hii hii, liliporomoka Juni 2017 likiwa bado linajengwa. Ujenzi ndio wakati wa hatari zaidi, kwa sababu viungo vitakavyosaidiana kubeba mzigo havijaungana vyote. Zege likimwagwa, linakuwa na uzito wake wote kabla halijapata nguvu yake.

Tunasikia madaraja ya Mombasa na Jinja yakisifiwa. Uzuri wake uko wapi?

Daraja zuri hukuonyesha mzigo unapita wapi. Tazama lile la Jinja lililofunguliwa mwaka 2018: nyaya zimeishika barabara, zinapeleka uzito kwenye minara miwili, minara inaushusha ardhini. Kati ya minara kuna mita 290, na Mto Nile unapita hapo bila nguzo ya katikati. Jicho la mtoto linaelewa. Daraja la kwanza la Nyali, la mwaka 1931, lilielea, likipanda na kushuka na bahari ya Mombasa. La sasa, la zege, limesimama tangu 1980. Mimi nalipenda lile la kwanza kwa jinsi lilivyokubaliana na maji kujaa na kupwa.

Mkazi wa kawaida aangalie nini?

Ashuke kingoni baada ya mafuriko. Magogo yaliyonasa kwenye nguzo huzidisha msukumo wa maji na kuchimba zaidi, kwa hiyo yaondolewe na wenye vifaa, si vijana wenye kamba. Uchimbaji wa mchanga karibu na nguzo ukomeshwe kabisa. Juu, matundu ya kutolea maji ya mvua yasizibwe na udongo na maganda ya miwa, maana maji yakituama hupenya hadi kwenye nondo na kuzila kwa kutu. Mkiona udongo umebomoka pale barabara inapokutana na daraja, zuieni matrekta ya miwa kwanza, kisha mwite chifu na ofisi ya barabara siku hiyo hiyo.