Alama za Ajabu Jangwani: Namna ya Kusoma Picha za Setilaiti



Ndugu msomaji, tuseme jioni moja unaletewa picha kwenye kundi la WhatsApp. Imepigwa kutoka juu sana. Inaonyesha jangwa la mawe meusi, na juu ya mawe hayo kuna mistari iliyonyooka inayofanya umbo refu la pembe nne, kama lango la zizi lililolazwa chini. Maelezo yake yanasema: "Makao ya watu wa Aad yagunduliwa Saudia kwa setilaiti." Utafanya nini? Wengi wetu tutasema Subhanallah na kuisambaza kabla hatujaitazama mara ya pili.

Picha kama hiyo inaweza kuwa ya kweli kabisa na maelezo yake yakawa ya uongo. Somo letu leo ni kutenganisha mambo hayo mawili. Msingi wake ni huu: setilaiti inatuonyesha umbo la kitu, haituonyeshi kilijengwa kwa ajili gani. Kutoka kwenye umbo hadi kwenye sababu kuna hatua tano.

1. Eleza umbo kabla ya kulipa jina

Maumbo hayo yapo kweli kaskazini magharibi mwa Saudi Arabia. Mengi yako Harrat Khaybar, uwanda wa mawe ya volkeno katika eneo la Khaybar ileile tunayoisoma katika Sira. Daktari mmoja Msaudi, Abdullah Al-Saeed, na wenzake waliyafuatilia kwa Google Earth, na mwaka 2017 mwanaakiolojia David Kennedy aliandika kuhusu takriban 400 kati yake. Aliyaita "malango" kwa jinsi yanavyoonekana kutoka juu. Lakini hayakuwa malango. Hapakuwa na mji wala zizi ambalo mtu angeingia kwa kupitia hapo. Baadaye watafiti wakapendelea jina la Kiarabu, mustatil, neno lilelile lililotupa "mstatili" wa somo la hesabu. Jina hilo halidai chochote kuhusu kazi ya kitu; linataja umbo tu. Nawe anza hivyo: sema "mstatili mrefu wa kuta za mawe", usiseme "hekalu" wala "kasri".

2. Pima

Kila picha ina kikomo chake. Katika picha za setilaiti za Sentinel-2, ambazo hutolewa bure, nukta moja ni mita 10 ardhini. Katika picha za kawaida za Landsat ni mita 30. Ukuta mwembamba wa mawe unaweza kupotea kabisa humo, kwa hiyo usiseme "hakuna kitu" kabla ya kutafuta picha iliyo kali zaidi. Kisha tumia kipimo cha urefu kilichomo ndani ya Google Earth. Mustatil ndogo zina urefu wa mita 20 hivi, na kubwa hupita mita 600. Kwa kipimo hicho peke yake unajua kwamba hiyo kubwa si nyumba ya familia. Angalia na vivuli pia. Mwanga ukitoka upande ambao jicho halikuuzoea, shimo huonekana kama kilima. Igeuze picha juu chini, uitazame tena.

3. Rudi nyuma kwa miaka

Katika Wadi as-Sirhan, Saudia hukohuko, kuna mamia ya miduara ya kijani iliyopangwa jangwani kama sarafu mezani, mingi ikiwa na upana wa karibu kilomita moja. Anayeiona mara ya kwanza hushangaa. Lakini Landsat imekuwa ikipiga picha za dunia tangu mwaka 1972, na picha za zamani zinaonyesha mchanga mtupu pale ambapo leo pana miduara. Basi si mambo ya kale. Ni mashamba: bomba refu la kumwagilia huzunguka nguzo moja ya katikati, likinyunyiza maji yaliyovutwa kutoka chini sana ya ardhi. Ndiyo maana shamba ni duara, na ndiyo maana rangi yake hubadilika kwa msimu.

4. Linganisha na vinavyofanana nacho

Katika miaka ya 1920, marubani wa Uingereza waliopeleka barua kati ya Cairo na Baghdad waliona kuta za ajabu katika jangwa la Jordan. Mmoja wao, Percy Maitland, aliandika habari zake mwaka 1927. Mabedui walisema ni kazi za wazee wa kale. Marubani walizifananisha na tiara, kwa sababu kuta mbili ndefu huanzia mbalimbali, zikakaribiana hadi kwenye boma. Ukiiona moja tu, unaweza kudhani lolote. Leo zinajulikana zaidi ya 6,000, na ukizipanga pamoja unaona mtindo uleule: mdomo mpana, njia inayobana, boma mwishoni, na mashimo pembezoni. Huo ni mtego. Wachimbaji walipofukua pembezoni mwa maboma hayo waliyakuta mashimo marefu ya kunasia wanyama kama paa.

5. Shuka ardhini

Hapa ndipo neno la mwisho linapopatikana. Mwaka 2021 watafiti wa University of Western Australia walitangaza kwamba mustatil zimepita 1,000, na kwamba zina umri wa miaka 7,000 hivi. Katika zilizochimbwa zilikutwa pembe na vipande vya mafuvu, hasa vya ng'ombe, vimewekwa ndani ya chumba kidogo cha mawe. Kwa hiyo wanaziona kuwa mahali pa ibada za kale, na wanajua pia kwamba nchi ile ilikuwa na malisho kuliko sasa. Setilaiti gani ingeona pembe iliyozikwa chini ya mawe?

Je, watu wa Aad? Miaka 7,000 iliyopita maandishi yalikuwa bado hayajaanza duniani. Waliojenga hawakuacha jina. Anayeandika jina lao chini ya picha amelitoa kichwani mwake.

Tulishanaswa hivyo. Ile picha ya mifupa ya jitu "la Aad" iliyozunguka kwa miaka ilitengenezwa kwa kompyuta kwa ajili ya mashindano mwaka 2002, kutokana na picha ya uchimbaji wa mifupa ya mnyama wa kale huko Marekani. Imani yetu haikuihitaji. Lakini mwenzako wa darasani uliyemtumia, siku alipojua ukweli, alianza kupima kila unachomwambia, hata kilicho kweli. Tumeamrishwa kuhakikisha habari, na picha nayo ni habari.

Zoezi: fungua Google Earth, nenda Karamoja, utafute miduara midogo ardhini. Usiulize mtu kwanza. Andika umbo, kipimo, miaka uliyoiona, na vinavyofanana nacho. Kisha mtafute mwanafunzi aliyezaliwa huko, akwambie kama ulipatia boma la mifugo au ulikosea. Hiyo ndiyo hatua yako ya tano.

Wabillahi tawfiq.