Risasi Haiendi Moja kwa Moja

(Makina, Kibera, baada ya swala ya alasiri. Kijana ametoka Kawangware kumjulia hali babu yake.)

KIJANA: Babu, binamu yuko Minnesota, amempata kulungu wake wa kwanza kwa bunduki mpya ya darubini. Lakini analalamika kuwa bunduki ni mbovu. Alilenga juu ya bega, risasi ikaingia chini.

BABU: Nyama ipo na bado analaumu! Mnyama alikuwa mbali kiasi gani?

KIJANA: Kama mita 200. Nayo ilikuwa imerekebishwa igonge katikati kwa mita 100.

BABU: Basi bunduki haina kosa.

KIJANA: Lakini risasi si huenda moja kwa moja?

BABU: Hilo ndilo linalonichosha! Sinema zimewaharibu. Risasi huanza kuanguka mara tu inapotoka mtutuni. Haingoji ichoke! Ulaze mtutu sambamba na uwanja tambarare, ufyatue. Papo hapo mwenzako aachilie risasi nyingine kutoka kimo kile kile. Zote zitagusa ardhi karibu wakati mmoja.

KIJANA: Hata ikiwa na kasi kubwa?

BABU: Kasi huipunguzia muda wa njiani, haiiondolei uzito. Babangu alibeba ile bunduki ya .303 ya KAR, jeshi la kikoloni la King's African Rifles. Risasi ilitoka kwa takriban mita 740 kwa sekunde. Kufika mita 100 ilitumia kama sehemu moja ya saba ya sekunde, na tayari ilikuwa imeshuka sentimita 10 hivi. Kufika 200, zaidi ya 40! Umbali mara mbili, mshuko zaidi ya mara nne. Wazee wale walijua hayo bila shule. Tena mtu akipata mnyama alichinja, akawagawia majirani, akanyamaza. Nyinyi mnapiga picha kwanza, hata mzazi hajaonja...

KIJANA: Babu, risasi. Wengine husema hupanda kwanza.

BABU: Hupanda kwa sababu mtutu umeinuliwa! Darubini iko juu, jicho linafuata mstari mnyoofu; mtutu unaelekea juu kidogo ili risasi iufikie mstari huo. Ikishaufikia inazidi kushuka. Ya binamu yako ilirekebishwa kwa mita 100, kwa hiyo kwenye 200 iko chini ya mstari kama upana wa kiganja. Lakini tangu mtutuni inaanguka chini ya mwelekeo wa mtutu, nasema inaanguka!

KIJANA: Na inayopigwa hewani?

BABU: Inarudi! Anayefyatua juu kwa mbwembwe katikati ya mabati ya watu ana hatia kama aliyelenga.

KIJANA: Nimwambie nini basi?

BABU: Aende uwanja wa shabaha, apige kwa 100, 200 na 300, aandike kila moja imegonga wapi. Na akija likizo asiniulize swala wako wapi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na marufuku hiyo ingalipo.