Ujira wa Fundi Katika Bima ya Gari: Maswali ya Wenye Magari Machakos

Gari likigongwa Kyumvi au Mlolongo, watu hukimbilia kuulizia bei ya vipuri. Ujira wa fundi hukumbukwa gari likiwa limeshafunguliwa gereji, na hapo ndipo mivutano huanza.

Je, serikali imepanga bei ya ufundi?

Hapana. Sheria ya Bima ya Kenya, Sura ya 487, inadhibiti kampuni, mawakala na maasesa (wakaguzi wa hasara), lakini haipangi fundi alipwe kiasi gani kwa kunyoosha mlango. Hayo ni mapatano ya kampuni na gereji.

Basi nani huamua?

Kwa vitendo, asesa, ambaye lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Gereji huandika makadirio: bampa, taa, kisha kufungua na kufunga, kunyoosha bodi, rangi. Asesa huyapitia mstari kwa mstari. Bei ya taa anaweza kuiulizia dukani. Saa za fundi hazina duka, kwa hiyo ni rahisi kuzikata. Zikikatwa kupita kiasi, kazi ndiyo inayopunguzwa: bati halinyooshwi sawasawa, linajazwa puti nene, rangi inapigwa mara moja. Gari linatoka liking'aa, na baada ya miezi michache puti inapasuka. Anayeumia ni mwenye gari, ambaye hakuwapo bei ilipokatwa.

Naweza kulipeleka gari kwa fundi wangu?

Soma mkataba wako. Kampuni nyingi zina orodha ya gereji zao. Ukitaka fundi mwingine, uliza kwanza, na gari lisiguswe kabla ya idhini ya maandishi. Eksesi, yaani sehemu ya hasara ambayo bima hailipi, utailipa mwenyewe popote litakapotengenezwa.

Nina thadi pati (bima ya watu wengine) tu, je?

Sheria ya bima ya magari kwa watu wengine, Sura ya 405, inalazimisha bima ya vifo na majeraha ya watu wengine. Kutengeneza gari lako ni juu yako.

Malipo yakichelewa?

Kampuni ikishakubali dai, sheria inaipa siku 90 kulilipa. Zikipita, peleka malalamiko kwa Mamlaka. Gereji ambayo haijalipwa kazi yake inaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000.

Tukirudi kwenye bei ya ufundi, huko Rhode Island, Marekani, sheria inazitaka kampuni za bima zifanye utafiti wa viwango vya ujira wa gereji. Kwetu si lazima serikali ipange bei, kwa kuwa gereji ya jua kali na ile yenye chumba cha kupigia rangi hazina gharama sawa. Lakini Mamlaka inapaswa kuzilazimisha kampuni zitangaze viwango wanavyotumia maasesa wao, ili mteja na fundi wajue mapema.

Kwa sasa, dai nakala ya ripoti ya asesa kabla kazi haijaanza, na usitie sahihi fomu ya kuridhika mpaka umeikagua bodi mchana, juani, pamoja na fundi unayemwamini.