Dondoo muhimu: Kukagua mtandao wa maji Bukavu

Sheria ya maji ya Kongo ya 31 Desemba 2015 iliruhusu wengine, mbali na REGIDESO, shirika la maji la serikali, kuendesha huduma ya maji. Kwa hiyo mitandao yao pia inahitaji kukaguliwa. Wakaguzi wa komini za Ibanda, Kadutu na Bagira, anzeni hapa:

• Linganisha mita ya tangi na mita za wateja. Pengo ni maji yaliyovuja, yaliyoibwa au yasiyoandikwa.
• Mita moja ya ujazo hujaza bidoni 50 za lita 20. Zidisha idadi ya bidoni kwa bei ya bidoni moja kwenye bomba la umma, kisha linganisha na fedha zilizokabidhiwa.
• Faranga na dola ziwe na daftari tofauti.
• Anayepokea pesa asiandike hesabu.
• Tembelea mabomba bila taarifa.
• Wasomee wateja matokeo hadharani. Fedha ni zao.