Theluji Inayeyukia Njiani Kabla ya Kufika Malampaka

Vijana wanaojazana kwenye kibanda umiza karibu na stesheni ya Malampaka wamehamisha macho kutoka kwenye mpira kwenda kwenye skii, na ubishi umekuwa mkubwa. Tulikusanya maswali yao, pamoja na ya watu wazima waliokuwa wakipita, tukampelekea mwalimu wetu wa hali ya hewa ya milimani, mzaliwa wa Maswa aliyesomea Innsbruck, Austria. Haya ndiyo majibu yake.

Shikamoo, mwalimu. Kwenye televisheni tunaona watu wamezama kwenye theluji hadi kiunoni na bado wanacheka. Siku ya namna hiyo inapatikanaje?

Marahaba, mwanangu. Siku hiyo huandaliwa usiku. Chini lazima pawe na theluji ya zamani iliyoshikamana, imefunika mawe na visiki. Juu yake inyeshe theluji mpya wakati hewa iko nyuzi 8 hadi 15 chini ya sifuri, na upepo uwe umetulia. Kwenye baridi ya hivyo chembe za theluji hutua zikiwa na matawi yao yote, zinaegemeana, na kati yake panabaki hewa tupu. Mita moja ya ujazo ya theluji hiyo inaweza kuwa na kilo 50 mpaka 100, ilhali maji ya ujazo huohuo yana kilo 1,000. Nyie mmekulia kwenye pamba: ingiza mkono kwenye pamba iliyotoka kuchambuliwa, kabla mashine haijaishindilia kuwa robota. Ndivyo mguu unavyoingia. Wenyewe huiita theluji ya unga.

Piga hesabu. Mvua ya milimita 20, ambayo Malampaka ni mvua ya jioni moja tu, ingekuwa sentimita 30 za unga huo kama hewa ingekuwa baridi hadi chini. Kwa mtu wa skii, sentimita 30 ni sikukuu. Anaamka gizani, anachungulia dirishani, na lifti zikifunguliwa saa mbili na nusu asubuhi anakuta foleni ilishaanza saa moja. Kufikia saa tano mteremko umechorwa kila mahali, jua limeanza kuilowesha theluji, na aliyechelewa anapita kwenye mabaki ya wenzake.

Raha yake hasa iko kwenye miguu. Theluji ngumu hukwaruza na kutetemesha meno. Kwenye unga husikii kitu; unapanda na kushuka kwa magoti, theluji inakurukia usoni, na hata ukianguka kwa kawaida huumii. Ndiyo sababu wanacheka.

Mwangaluka, mwalimu. Mimi ni mkulima. Mvua ya mawe imewahi kunichanachana pamba yote shambani. Yale mawe siyo theluji hiyohiyo?

Mwangaluka, mama, na pole kwa shamba. Siyo theluji, ila ni ndugu zake. Nikwambie jambo ambalo watu wengi hawaliamini: theluji inaanguka juu ya Malampaka karibu kila msimu wa mvua. Kwetu hapa karibu na ikweta, hewa hufikia sifuri kwenye kimo cha kama mita 4,500 hadi 5,000 kutoka usawa wa bahari. Mawingu ya radi hupanda juu zaidi ya hapo, mara mbili na zaidi. Humo ndani maji huganda, chembe za barafu hukua, na sehemu kubwa ya mvua ile nzito inayokuloweshea mahindi uwanjani ilianza safari ikiwa barafu. Malampaka iko kwenye mita elfu moja na mia kadhaa. Kwa hiyo chembe hizo hupita zaidi ya kilomita tatu za hewa ya joto, na zinakufikia zikiwa maji. Jiwe la mvua hufika zima kwa sababu ni zito na linaanguka kwa kasi; halipati muda wa kuyeyuka. Shida ya mkoa wetu wa Simiyu siyo ukosefu wa theluji, mama, ni urefu wa njia.

Basi Kilimanjaro iko juu ya hiyo mita 5,000. Mbona hakuna skii pale? Serikali imelala?

Hapa naomba subira yako, maana swali hili huulizwa kwa hasira.

Skii zimeshafika Kilimanjaro. Mwaka 1912, miaka 23 tu baada ya Hans Meyer na Ludwig Purtscheller kufika kileleni, Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo, kilele chake kikuu, na kushuka sehemu ya mlima kwa skii. Kwa hiyo inawezekana. Lakini kuwezekana mara moja na kuwa na siku nzuri ya skii ni mambo mawili.

Kwanza jua. Kibo iko nyuzi tatu kusini mwa ikweta. Jua la saa sita linakuja karibu wima mwaka mzima. Theluji mpya ikianguka, hasa miezi ya masika na ile ya vuli, hufunika mlima vizuri sana kwa picha, kisha sehemu yake hugeuka mvuke moja kwa moja bila hata kupitia maji, kwa sababu hewa ya juu ni kavu. Haipati wiki za kujilimbikiza na kujenga ule msingi niliousema. Chini yake kuna mawe ya volkano yenye makali na changarawe inayoporomoka. Ukiteleza juu ya sentimita 15 za theluji juu ya mawe hayo, utarudi na mbao za skii zilizopasuka na goti la kupeleka hospitali ya KCMC.

Halafu pumzi. Kwenye mita 5,895 kila unapovuta hewa unapata karibu nusu ya oksijeni unayoipata Dar es Salaam. Hakuna lifti, utapanda siku tano au zaidi ili ushuke dakika chache.

Na ile barafu ya kudumu inayoonekana kutoka Moshi siyo uwanja wa skii. Ni mabaki yenye kuta wima, na yanapungua: kati ya 1912 na 2007 takriban asilimia 85 ya eneo lake ilipotea. UNESCO ilitoa ripoti mwaka 2022 ikisema barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya huenda ikatoweka kabla ya 2050. Na kuhusu serikali, mwaka 2019 ilipotangaza kuchunguza wazo la magari ya kuning'inia kwenye waya mlimani, wapagazi na waongozaji watalii walipinga wakihofia ajira zao, nami niko upande wao. Mlima ule unalisha watu kwa sababu unapandwa kwa miguu.

Kwetu tuna Ziwa Victoria. Nchi zenye theluji nyingi zinaitoa wapi?

Umenifurahisha, kwa sababu jibu ni maji. Chukua Niseko, kwenye kisiwa cha Hokkaido, Japani. Milima yake mirefu haifiki hata mita 2,000, lakini upepo wa baridi kali unatoka Siberia, unavuka Bahari ya Japani isiyo baridi kama ule upepo, unabeba mvuke, kisha unagonga milima na kumwaga unga mkavu majira yote ya baridi. Ziwa letu nalo hujitengenezea mawingu ya radi. Watu wa Busega, kando ya ziwa, wanayajua. Tunachokosa ni Siberia.

Mwalimu, acha hadithi. Kuna mtu wa huku kwetu aliyewahi kufanya hivyo vitu?

Wapo. Philip Boit alikuwa mkimbiaji wa mita 800 kutoka Kenya. Mwaka 1996 alipelekwa Finland kujifunza skii za masafa kwa ufadhili wa kampuni ya viatu, na 1998 akashindana kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, katika kilomita 10. Theluji ilikuwa imelowa kwa mvua, kinyume kabisa cha unga, na alimaliza wa mwisho, wa 92. Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyeshinda, alimsubiri mwishoni kama dakika 20 ili amkumbatie. Boit akamwita mwanawe Dæhlie.

Hadithi hii husimuliwa kama kichekesho, na mimi sipendi. Mtu aliyeona theluji kwa mara ya kwanza miaka miwili nyuma alimaliza mbio za Olimpiki, kisha akarudi 2002 na 2006.

Sabrina Simader alizaliwa Kilifi 1998, akahamia Austria akiwa mtoto, na mwaka 2018 aliiwakilisha Kenya Pyeongchang katika skii za kushuka mlima. Ethiopia ilikuwa na Robel Teklemariam huko Turin 2006.

Kuna hatari?

Kubwa. Theluji mpya juu ya mteremko wa nyuzi 30 hadi 45 inaweza kukatika kama bamba na kuporomoka. Wengi wanaofukiwa huwa wameanzisha poromoko wenyewe, au mwenzao. Nafasi ya kuokolewa hai ni nzuri dakika kumi za mwanzo, kisha inashuka vibaya, kwa hiyo msaada lazima uwe ni rafiki uliye naye, mwenye koleo, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na kifaa cha redio cha kukutafutia. Ukienda peke yako, kaa ndani ya njia zenye alama.

Nikipata nauli, niende wapi?

Karibu zaidi kwa Afrika yetu ni Afriski, kwenye milima ya Maluti, Lesotho, juu ya mita 3,000. Hufunguliwa Juni hadi Agosti, na theluji nyingi hutengenezwa na mashine. Ukiwa unapita Dubai kwa biashara, kuna mteremko wa ndani ya jengo la maduka tangu 2005, wenye njia ya mita 400. Wanakukodisha hadi koti.

Ila siku ya kwanza usitafute unga. Unga unataka mtu anayejua kusimama katikati ya mbao zake bila kuegemea nyuma. Lipia mwalimu saa mbili, anza kwenye theluji iliyopigwa pasi, vaa miwani ya giza na glavu mbili, na usikubali rafiki yako akufundishe.